Heko kwa Wakaguzi wa Vizingiti

Nawapa heko wakaguzi wanaopita majengo ya umma jijini Nairobi, futikamba mkononi. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote. Wao huifikisha haki hiyo mpaka mlangoni. Kidato cha sentimita 15 kinadai rampu ya sentimita 180, na wakiikuta fupi, yaani yenye mwinuko mkali, huiandika. Choo cha wenye ulemavu kimegeuzwa stoo ya mifagio? Wanaandika pia. Nawaenzi hasa wanaokagua pamoja na asiyeona, kwani yeye ndiye ajuaye kuwa fimbo nyeupe haigusi kibao kinachoning'inia usawa wa paji la uso. Ripoti zao zisomwe na kila mhandisi kabla zege halijamwagwa.