Jedwali Linalojua Unyevu wa Mahindi

Jamani, Qt imenimaliza! Nimeifungua PySide6, maktaba ya kujengea programu zenye madirisha za Qt kwa Python, hapa Mshangano, Songea, nikitaka kitu kidogo tu, jedwali la kuandikia uzito wa mahindi ya ghalani, na sasa sitaki kusikia habari za jedwali lingine. Kwa miaka mingi tumezoea seli zinazomeza chochote, liwe jina, tarehe au takataka. Hapa kila safu unaiwekea mlinzi wake, na mlinzi huyo kazi anaijua.

Tazama safu ya unyevu. Songea ni nchi ya mahindi, na mnunuzi makini huuliza unyevu kabla ya kutaja bei. Kiwango cha Afrika Mashariki hakitaki uzidi asilimia 13.5. Karani akiwa na haraka huandika 135, nukta imempotea, na hakuna anayeshtuka hadi siku ya hesabu. Sasa bofya seli yangu mara mbili. Panachomoza QDoubleSpinBox, kisanduku cha namba chenye vishale vya kupandisha na kushusha, desimali moja, alama ya asilimia imeshajikalia mwishoni, na kikomo nimekiweka 40. Andika 1, andika 3, gonga 5. Haiingii! Tarakimu inagoma papo hapo. Andika 14.2, piga Enter, na seli nzima inakuwa nyekundu. Mama mmoja anayeandika vitabu vya ushirika alikaa kwenye kiti changu, akagonga ile 5 tena na tena. "Mwanangu, mbona inanikatalia?" Ndiyo, mama, inakukatalia kwa wema!

Mlinzi anayefanya yote haya ni QStyledItemDelegate, aliyekuja na Qt 4.4 mwaka 2008. Fankisheni zake hazitishi: createEditor inaunda kisanduku, setEditorData inakijaza thamani iliyopo, setModelData inairudisha thamani mpya kwenye data, na updateEditorGeometry inakibana ndani ya mipaka ya seli. Ile rangi nyekundu inakaa kwenye initStyleOption, mistari michache tu.

Lakini kilichonipagawisha ni displayText. Data inabaki 1250000, jicho linaona 1,250,000, na hesabu haiguswi hata chembe. Kisha weka mstari mmoja wa QLocale.setDefault, chagua Kiswahili cha Tanzania, halafu fungua kalenda ndani ya seli ya tarehe: miezi inasomeka kwa Kiswahili! Sisi tulioifurahia Jambo OpenOffice ya mwaka 2004 tunajua raha ya kompyuta inayokusemesha kwa lugha yako, na hapa raha hiyo imeingia hadi ndani ya kisanduku kimoja cha jedwali.

Bando lisikutishe. Sakinisha PySide6-Essentials, ambayo ni nyepesi kuliko kifurushi kizima na ina kila kitu nilichokitaja. Baada ya hapo intaneti ikatike itakavyo, jedwali linaendelea kupiga kazi.

Jambo moja ulishike sana ukiandika kwa Python: setItemDelegateForColumn haimmiliki mlinzi unayempa. Mhifadhi kwenye self, au mpe mzazi, la sivyo Python inaweza kumfagia kimya kimya na programu inaweza kuanguka mbele ya mkulima aliyesimama na magunia yake. Hili lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila somo.

Safu inayofuata ni ya zao: QComboBox yenye mahindi, ufuta, soya na mbaazi. Nataka karani akichagua ufuta, safu ya unyevu ijibadilishie kikomo yenyewe. Na inawezekana! createEditor hupewa index ya seli, na siblingAtColumn inakufikisha kwenye seli yoyote ya mstari uleule. Usiku wa leo silali.