Shahidi Ambaye Jua Linamuumiza Macho

Filamu za kutisha zinazoanzia kwa mtu kushuhudia mauaji kwa kawaida huliamini jicho. Katika Rear Window ya Alfred Hitchcock (1954), shahidi kavunjika mguu lakini ana darubini na lenzi ndefu; anachokosa ni wa kumsadiki. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyotwaa tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji kule Venice mwaka 2013, imeshika njia nyingine. Shahidi ni Alias (Hamisi Bazili), kijana mwenye ualbino anayeona baba yake akiuawa. Na anayewindwa sasa ni yeye.

Angalia kamera. Imeshikwa mkononi, inazisogelea nyuso mno, inapoteza fokasi, halafu picha inakatwa kabla hujajua umeona nini. Kuna wanaosema inatia kizunguzungu. Kwangu mimi, ufundi uko hapo hapo. Macho ya mtu mwenye ualbino mara nyingi hucheza yenyewe, huku na huku, na mwanga mkali huyachoma. Deshe, aliyeshika kamera pia, ametuazima macho ya namna hiyo, awe alikusudia au hakukusudia.

Sisi wa Mwanza kamera hiyo tunaielewa haraka. Panda kivuko cha Kamanga saa saba mchana: ziwa linakurudishia jua usoni kama bati jipya. Niliwahi kukaa jirani na kijana mwenye ualbino humo, pama limeshuka hadi kwenye nyusi, simu kaisogeza karibu iguse pua, anasoma meseji. Huyo angekuwa shahidi, ungemuuliza bure muuaji alivaa shati gani usiku wa tukio. Sauti, hiyo angeitambua.

Hofu yenyewe Deshe hakuibuni. Mwaka 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto Kanda ya Ziwa, Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja akawaendea waganga walioshukiwa kuhusika, kisha vitisho vikamlazimu kujificha.

Tatizo la filamu ni urefu, karibu saa mbili. Katikati kule mtikisiko unageuka mazoea. Watu wanaongea kwa utulivu, kamera bado inatetemeka, na hapo haitusaidii kuona chochote.

Kinachobaki kichwani ni kitu kidogo, hakina damu. Alias akifika mjini anafundishwa uchuuzi: DVD, simu, na miwani ya jua. Anawauzia watu ambao jua haliwadai kitu.