Sakafu Kavu: Kuipima Kazi ya Kusafisha Rejeta

Gari likiwashwa na geji ya joto ikatulia, wengi husema kazi imekwisha. Geji haitoshi. Anayetaka kujua kama mfumo wa kupoza injini umemwagwa na kusafishwa kwa ustadi, iwe ni kazi ya mkono wake au ya fundi, aanze kwa kutazama sakafu. Sakafu kavu si unadhifu tu, ni ushahidi. Kulanti iliyomwagika chini haipimiki, na asiyejua kimetoka kiasi gani hawezi kujua kama kilichorudishwa kimetosha.

Kumwaga

Injini iwe imepoa kabisa. Bana mpira wa juu wa rejeta; ukiwa bado mgumu, ndani kuna shinikizo na kifuniko hakiguswi. Shinikizo hilo huzuia kulanti isichemke hata joto lipitapo nyuzi 100 za Selsiasi. Likiachiwa ghafla, kulanti huruka na kuunguza.

Ustadi huonekana kwenye mpangilio. Fundi makini huondoa kwanza ngao ya plastiki iliyo chini ya injini, maana kulanti hutambaa juu yake na kudondokea mbali na beseni. Toyota nyingi zina mdomo mdogo kwenye koki ya rejeta. Fundi huuvika mpira mwembamba unaoshuka hadi ndani ya dumu lenye alama za lita. Kisha hulegeza koki huku kifuniko kikiwa bado kimefungwa, ili kulanti itoke taratibu. Ikishashika njia, hufungua kifuniko, hewa ikaingia na mwendo ukaongezeka.

Kusoma kilichotoka

Usikiondoe kabla hujakitazama. Kulanti iliyochakaa vizuri hufifia rangi lakini hubaki angavu. Ikiwa na rangi ya kutu, chuma kimekosa kinga, huenda kwa sababu mfumo umekuwa ukijazwa maji matupu. Ute mzito mara nyingi huonyesha kwamba aina mbili zisizopatana zimechanganywa, kwa hiyo usinunue kulanti kwa kufuata rangi pekee. Soma kitabu cha gari. Ukiona mafuta yanaelea au rangi ya maziwa, simama hapo. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, au kipoza mafuta ya gia kimepasuka ndani ya rejeta. Hakuna kusuuza kutakakoponya hilo.

Kusuuza

Koki ya rejeta hutoa sehemu tu; kiasi kikubwa hubaki ndani ya injini na kwenye hita. Anayemwaga mara moja na kujaza amechanganya mpya na ya zamani. Kazi bora ni kujaza maji safi, kuweka hita kwenye joto la juu, kuwasha injini hadi themostati ifunguke na rejeta nzima ipate joto, kisha kusubiri ipoe na kumwaga tena. Hurudiwa mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Asiyesubiri, akamimina maji baridi kwenye injini ya moto, anahatarisha silinda hedi ya alumini kupinda.

Maji nayo yana daraja. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi huila alumini. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri, lakini soma lebo, kwani asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana.

Kujaza

Hapa ndipo hesabu humtambulisha mjuzi. Chukua mfumo wa lita 6 unaotaka nusu kulanti, nusu maji. Kwa kuwa injini bado ina maji ya kusuuza, yeye humimina kwanza lita 3 za kulanti isiyochanganywa, ndipo ajazie maji. Zisipoenea, hufungua koki ya injini kupata nafasi. Anayemimina iliyokwisha kuchanganywa kiwandani juu ya maji yaliyobaki anaidhoofisha, hata kama aliinunua kwa bei kubwa.

Uliza pia themostati iko wapi. Gereji nyingi huing'oa ili injini isichemke, na kazi hiyo haistahili sifa. Injini hukawia kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na katika baadhi ya injini kuondolewa kwake huacha maji moto yaikwepe rejeta. Iliyoharibika hubadilishwa.

Hukumu

Hewa iliyonaswa wakati wa kujaza ikitolewa vizuri, hita hupuliza joto lisilokatika. Kesho yake, injini ikiwa baridi, kiwango kwenye chupa ya akiba kiwe kati ya alama mbili, na jumla ya lita zilizoingia ikaribiane na zilizotoka katika umwagaji wa mwisho. Zikipungua sana, huenda bado kuna hewa iliyonaswa.

Mwisho, tazama kulanti chafu imehifadhiwa wapi. Nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu inayowavuta mbwa, paka na watoto. Ikae kwenye dumu lenye mfuniko na lebo, kamwe si kwenye chupa ya soda, wala isimwagwe mtaroni. Fundi asiyeweza kukuonyesha dumu hilo hajamaliza kazi, na una haki ya kumwambia hivyo kabla ya kulipa.