Neno Lililosikika Nusu

Msomaji wa Songea akiifungua tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, Kinjeketile (1969), hamkuti Nduna Songea Mbano wa Wangoni. Mchezo umejikita Umatumbini. Lakini yeye anajua jambo lisilomo jukwaani: Kinjikitile wa historia alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, na Wangoni walipokea maji yake ya kinga yeye mwenyewe akiwa keshakufa. Februari 27, 1906, mashujaa wao nao wakanyongwa hapahapa Songea. Ahadi ya marehemu iliwashikaje walio hai?

Mwanasaikolojia Skinner angetafuta tuzo. Mwaka 1948 alieleza habari za njiwa waliolishwa kila baada ya muda maalumu, wafanye wasifanye. Kila mmoja akashikilia kituko chake kana kwamba ndicho kilicholeta chakula. Sawa, ila njiwa walikuwa wanakula. Wapiganaji wa Majimaji walikuwa wanakufa kwa bombomu.

Wertheimer na wenzake wa saikolojia ya Gestalti wanatusaidia zaidi. Kwao akili haipokei vipande vipande; huunda umbo zima, likasogea mbele, na mengine yakabaki nyuma. Hussein hakulieleza jambo hili, amelijenga. Kinjeketile akiwa amepandwa na pepo Hongo anatamka maji, umoja na ushindi, na katikati yake anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unaondoka na ushindi. Nasi wasomaji, tuseme kweli, tunapitiwa vilevile. Ni baadaye, pepo limeshatoka, Kinjeketile anapogutuka: kumbe anamng'oa Mjerumani ili amkaribishe Sultani Seyyid Said? Kuligawa tukio hivi, kwanza kauli kisha fahamu, ndio ufundi mkubwa wa mchezo huu. Ingekuwa msimulizi ametuonya mapema, tungeucheka umati badala ya kuwa ndani yake.

Onyesho la mwisho linazikutanisha nadharia zote mbili gerezani. Kitunda, jemadari mwenye akili ya hesabu, anamsihi Kinjeketile akane maji ili wapone: tendo moja, malipo mamoja. Kinjeketile haamini tena maji kama umati unavyoyaamini, lakini anakataa. Haulizi atalipwa nini. Anauliza kukana kwake kutasikikaje, maana Mjerumani akisema maji yalikuwa uongo, watakaosikia watachukua kwamba na vita yenyewe ilikuwa uongo. Safari hii yeye ndiye anayechagua kipi kibaki nyuma.