Partaje ya intaneti mu parseli: tumejua kuunganisha, kugawa bado

Wakubwa na wadogo wa chama, leo sileti habari ya mbolea wala ya mihogo. Nataka nikosoe kitu chenye wengi wetu tunatumiaka kila siku: partaje ya intaneti mu parseli. Koneksio moja, mashini tano ao sita, na kila mutu anatoa mchango wake mwisho wa mwezi.

Mazuri yake kwanza. Anwani za intaneti za aina ya zamani ziko kama miliari 4,3 tu, na vyombo vya dunia vimepita pale. Mwaka 1994 wataalamu waliandika namna chombo kimoja kinaweza kusimama ku mlango na anwani moja ya nje, halafu ndani kila mashini inabaki na anwani ya nyumbani, zile za 192.168 zenye unaonaka. Mwaka 1999 Windows 98 Second Edition ikaingiza kazi hiyo mu kompyuta yenyewe: mashini moja inashika laini, zingine zinapitia kwake. Leo Windows 10 inaweza kugawia vyombo 8, na simu ya kawaida inafanya vile vile. Bila hiyo, kila mwanafunzi wa Bukavu ao Goma angelipa forfe yake peke yake. Mimi sidharau.

Chenye ninakosoa ni kwamba partaje inaunganisha watu, kisha inawaacha. Soma karatasi yenye inatokaka mu karto ya ruteri, angalia video za kufundisha: zote zinaishia palepale. Andika jina la Wi-Fi, weka neno la siri, basi. Nani atapata ngapi? Kimya. Na ruteri nyingi za bei ndogo, vile zinatoka ku duka, hazihesabu watu. Ndani ya laini, kila njia yenye programu imefungua inapigania nafasi yake, na zinagawana karibu sawasawa, njia kwa njia. Mashini yenye imefungua njia nne inachukua karibu mara nne ya ile yenye imefungua moja, hata kama wenye mashini walilipa mchango sawa.

Tufanye hesabu. Tuseme laini inapandisha megabiti 1 kwa segonde. (Kupandisha njo upande mwembamba wa laini nyingi, lakini wakati wa kununua tunaulizaka paka kushusha.) Dada mmoja wa mwaka wa mwisho anatuma dosye ya burse, makaratasi ya scan, mega 60. Okteti moja ni biti 8, kwa hiyo ni megabiti 480: akiwa peke yake, dakika 8. Chumba cha pili, simu ya yaya inaanza kupandisha mapicha ya ndoa ku hifadhi ya mtandaoni, giga 2, kwa njia nne. Giga 2 kwa laini ile ni zaidi ya saa nne, kwa hiyo hatakwisha mbele ya dada. Dada anabaki na sehemu moja ya tano. Dakika 8 zinakuwa 40, na kama ukurasa wa burse unafunga mtu mwenye anakawia, anaanza upya. Yaya mwenyewe amelala, hajui hata kama simu yake inakula. Mapicha yangeweza kungoja mpaka saa nane ya usiku. Dosye yenye siku yake ya mwisho ni leo haingoji.

Wale wenye walipita mu mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi wanajua hadithi hii bila kompyuta. Mfereji ni wa wote, lakini mwenye shamba la juu akifungua vile anataka, wa chini anapata yenye inabaki. Njo maana tulisoma zamu ya maji mu darasa: siku fulani fulani huyu, kesho yule, na kuko mutu wa kufuatilia. Elinor Ostrom, mwenye alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza mali za pamoja za namna hiyo, mifereji ikiwemo, akaona watu wenyewe wanaweza kujiwekea sheria na zikadumu, kama kuko wa kuangalia nani anachukua nini. Mu parseli zetu, mwenye anaweza kuona hayo ni mwenye kushika kodi ya ruteri, mara nyingi mtoto wa bailleur. Hakuna mwenye alimuchagua.

Wengine watasema: tununue forfe kubwa. Kama forfe ni ya kasi, itasaidia kiasi, mapicha yatakwisha mapema. Kama ni ya mega, mwenye kushusha sana atamaliza mwezi wa wote mu siku kumi, na mchango ni uleule.

Dawa ya kifundi iko. OpenWrt, programu ya bure ya ruteri, inaweza kutumia kazi yenye inaitwa CAKE, yenye inaweza kugawa kwanza kwa mashini, kisha ndani ya kila mashini kwa njia. Njo haki yenye tunatafuta. Lakini inataka uiambie kasi ya kweli ya laini, uweke chini yake kidogo, na laini ya simu inabadilika asubuhi na magaribi. Tena si kila ruteri inaikubali; ukiweka fayili ya ruteri ingine unaweza kuiua kabisa. Yenye haina hatari: mu Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi ya nyumba, washa "Connexion limitée". Karibu mises à jour zote zitangoja. Dakika moja kwa kila mashini, bila franga hata moja.

Na kuko pahali mfano wa mfereji unakataa. Mu Wi-Fi, mashini ya mbali, ile ya aneksi nyuma ya kuta mbili za matofali, inaongea polepole, na wakati inaongea inashika hewa muda mrefu, wengine wanangoja. Kwa hiyo wa chini anamukawisha hata wa juu. Kwa hiyo mchango wa kwanza ningeomba parseli itoe ni wa waya wa RJ45 mpaka ku aneksi. Waya huo unafika metre 100 bila shida. Kila mara nikisema hivyo mutu anauliza: na dada akihama, waya ni wa nani? Unabaki mu parseli, na hiyo iandikwe mbele ya kununua.