Tunahifadhi faili huku tukiupoteza mswada

Hebu tuulizane: siku hizi mswada wa mwandishi ni kitu gani? Miswada ya tenzi zetu iliyoko SOAS, London, humtaka msomaji awe na macho na ujuzi wa hati za Kiarabu, basi. Disketi ya mwaka 1995 haisomeki hivyo. Yahitaji kifaa cha kuisomea, programu iliyotumika kuandika na mfumo endeshi wa wakati huo. Kimoja kikikosekana, umebaki na kipande cha plastiki mkononi.

Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, kilikabiliana na tatizo hili baada ya kupata nyaraka za Salman Rushdie mwaka 2006, zikiwemo kompyuta zake za Apple. Kingeweza kuzigeuza faili ziwe za kisasa na kuishia hapo. Lakini nyaraka zilipofunguliwa mwaka 2010, kompyuta yake moja, Macintosh Performa 5400, ilikuwa imefanyiwa uigaji. Yaani, programu iliyo ndani ya mashine mpya hujifanya ile mashine kuukuu, na faili za zamani hufunguka kama zamani. Msomaji anaona skrini aliyoiona Rushdie, folda alivyozipanga na vijikaratasi vyake vya Stickies. Anaweza hata kuhariri sentensi katika rasimu ya The Ground Beneath Her Feet bila kuidhuru ya asili.

Wapo watakaosema hayo ni mapambo, ati muhimu ni maneno. Sikubaliani nao. Tazama tenzi zetu. Hati za Kiarabu za jadi aghalabu hazikutofautisha e na i, wala o na u. Kila aliyezinukuu kwa hati za Kirumi alilazimika kuamua, na tunapomshuku tunairudia hati ya asili. Kugeuza faili na kuitupa mashine ni sawa na kuunukuu utenzi kisha kuichoma hati yenyewe. Mhakiki atabaki na maneno, lakini hatajua rasimu ipi ilikaa na ipi, wala mwandishi alijiandikia nini pembeni.

Hata hivyo, kazi ya Emory ina upungufu. Kompyuta iliyoigwa ilikuwa moja tu kati ya kadhaa, na ilitumiwa mle mle maktabani. Mwanafunzi wa Nairobi afanyeje? Uhifadhi usiofikika ni nusu ya uhifadhi.

Sisi je? Waandishi wetu wa Kiswahili walioanza kutumia kompyuta miaka ya 1990 wanazeeka, na wengine wametangulia mbele ya haki. Uigaji hauwezi kufufua disketi ambayo sumaku yake imefifia. Kwa hivyo maktaba za vyuo vyetu ziache kungoja vitabu vilivyochapishwa tu. Ziziendee familia sasa, ziombe disketi na mashine zenyewe, na kunakili yaliyomo kabla ya jambo jingine lolote. Nawe uliyerithi kompyuta ya mwandishi, tafadhali usiifute ili watoto wachezee.