Shangingi Lipimwe Injini Ikiwa Baridi

Muuzaji wa Land Cruiser akikupigia simu kwamba ameshaliwasha anakusubiri, mwambie alizime, utakuja kesho asubuhi. Dizeli iliyochoka ikipata moto hutulia na kuficha aibu zake. Ukifika, tangulia kushika rejeta. Ikiwa vuguvugu, umeshawahiwa.

Kwenye injini mimi huuliza kwanza inakamuliwa kiasi gani. 1HZ, ile ya silinda 6 isiyo na turbo iliyoanza mwaka 1990, ina lita 4.2 na inatoa nguvu za farasi kama 130 tu. Kwenye karatasi inachekesha. Lakini ndiyo maana bado inahangaika porini ndani ya Hardtop na mikonga: haijawahi kudaiwa isichonacho. Dizeli ya toleo la 300, lililotoka mwaka 2021, ina lita 3.3 na turbo mbili, na inapita farasi 300. Utamu wake ukiikanyaga hausemeki, ila inataka dizeli safi na fundi mwenye kompyuta. Ukikuta 1HZ iliyofungwa turbo mtaani ili mlima wa Kitonga usiichoshe, achana nayo. Hedi yake haikutengenezwa kwa joto lile, na hupasuka.

1HD-T ya VX za mwanzo wa miaka ya 1990 ilitoka kiwandani na turbo yake, na kwa sikio langu hakuna dizeli ya Toyota inayonguruma vizuri kuliko hiyo. Ugonjwa wake ni beringi za konrodi. Muulize mwenye gari zilibadilishwa lini. Akikodoa macho, jibu umelipata.

Sasa washa. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi si kitu. Wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kilaze juu ya tundu lake. Kwenye injini nzima kitatetemeka tu. Kikirukaruka na mvuke ukatoka kwa mapigo, pistoni zinavujisha, na hiyo haiponi kwa kubadilisha oili.

Umbo halinisumbui sana. Kuanzia toleo la 80 hadi la 300, umbali kati ya ekseli mbili umebaki milimita 2,850. Wabunifu wamecheza na taa na skrini, kipimo hicho hawakukigusa.

Kazi iko chini ya gari. Kwenye 80, chungulia nyuma ya tairi la mbele, pale ekseli inapojipinda: grisi iliyogeuka uji mweusi maana yake sili ya ndani imekufa na oili ya difu inapenya. Hilo ni la kupunguziana bei. Kutu si la kupunguziana. Magari yaliyotoka Uingereza au kaskazini ya Japani yamekanyaga chumvi ya barabarani miaka mingi, na rangi mpya nyeusi kwenye chesisi kuukuu huwa imepakwa kwa sababu. Chukua bisibisi, gonga chesisi karibu na ekseli ya nyuma. Ikizama, mrudishie ufunguo wake.